Sahani ya Bi Somoe Ilipotoka Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa saa, pete na mkanda. Nilikuwa kijana niliyetoka Mtunda na randa yangu mkononi, nimeajiriwa useremala katika makumbusho moja ya Dar es Salaam, na kwa kujipendekeza nilikuwa nimevaa mkanda wenye chuma kikubwa mbele. Mtunza Ghala, bwana mfupi mwenye sauti ya chini, alinitazama juu mpaka chini akaniambia nivue kila chenye chuma. Nikadhani nimeingia mahabusu. Kumbe chuma cha mkanda hukwaruza kitu ukikikumbatia, na pete ikigonga ukingo wa bakuli, bakuli lililovuka bahari salama linavunjwa na pete ya mchumba wa mtu.

Akanisimamisha mbele ya rafu. Palikuwa na bakuli zito la kijani cha embe bichi, aina ambayo watu wa fani huiita seladoni, limetoka Uchina zamani hizo. Akasema nilichukue niliweke mezani. Nikanyoosha mkono, akanishika.

"Meza gani?" akauliza.

Nikageuka. Meza ilikuwa imejaa makaratasi, na juu ya makaratasi kikombe chake cha chai.

"Kabla hujakiinua kitu, ujue utakitua wapi," akasema. "Ukishakishika, umechelewa kuuliza."

Nyinyi vijana wa Kibiti mnaokuja kuniuliza nilifanya kazi gani miaka yote hiyo mpaka nikarudi na miwani na mgongo mbovu, jibu mmeshalipata. Nilikuwa nainua vitu na kuvitua. Mkisikia makumbusho mnafikiria mifupa na popo. Mimi ghala letu lilikuwa la sanaa za Asia: kauri za Uchina, mitungi ya Uajemi, vitambaa vya India vilivyopigwa chapa kwa vibao vya mti, picha za Wajapani zilizochapwa kwenye karatasi laini kama ngozi ya kitunguu. Hata mimi nilijiuliza mwanzoni, mtoto wa mkulima wa mpunga nina nini na Mjapani. Sikuuliza kwa sauti, maana mshahara ulikuwa unatoka.

Useremala wangu ulikuwa wa kutengeneza vishikio. Kishikio ni kile kiguu kinachokalisha sahani wima ndani ya kabati la kioo, na kizuri ni kile ambacho mtazamaji hakioni. Unachonga, unavika kitambaa laini, unajaribu kwanza na sahani ya bandia. Nilijifunza pia kwamba kauri hushikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa ikakaushwa. Glavu za pamba, hizo mnazoziona kwenye sinema, huteleza. Glavu ni za shaba na fedha. Nilijifunza kushika chombo tumboni, si ukingoni wala mkononi, kwa sababu mkono wa chombo ndio mahali palipoungwa, na palipoungwa ndipo pa kwanza kuachia. Mwanga nao ni adui. Picha ya karatasi ukiimulika sana inapauka, na ikishapauka hairudi hata umlilie nani. Kwa hiyo chumba cha picha tulikiweka gizagiza, na wageni walikuwa wakilalamika kwamba makumbusho yameshindwa kununua umeme.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo kimoja cha magofu huko pwani, chini ya Msimamizi wa Kituo, mtu mkimya aliyependa kufagia mwenyewe. Makaburi ya pale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na wazee wa zamani walipachika bakuli za Kichina ukutani mwake. Nilichokikuta mimi ni matundu. Matundu ya mviringo, safi, moja baada ya jingine. Bakuli zilikwisha kung'olewa na watu wasiojulikana kabla sijazaliwa. Wanakijiji walikuwa wakija kusoma dua, wakaniona na sare yangu, wakaniuliza kwa adabu tu kama sisi ndio tuliozichukua. Nilikuwa nasema hapana. Nilikuwa sina hakika. Matundu yale yalinikaa moyoni, na nayasema hapa kwa sababu bila hayo hamtaelewa nilivyofanya baadaye.

Nilirudishwa mjini kuwa Fundi Mkuu wa Maonyesho. Wakati huo tulipata Mhifadhi Mkuu mpya, mama wa Bukoba, mrefu, mwenye kusoma sana na kucheka kwa nadra. Mhifadhi ndiye mwenye dhamana ya vitu: vitoke vipi, virudi vipi, viko salama kiasi gani. Sisi tulimwita Mama Mhifadhi. Alikuja na wazo kwamba sanaa ya Asia isingoje watu waifuate mjini. Tuipakie, tuipeleke Kibiti, na tuwaombe watu wa delta ya huko watuazime vile vilivyo majumbani mwao, ili vikae kabati moja na ndugu zao wa ghalani. Nilipenda wazo lile kuliko nilivyoonyesha. Mimi kwa kawaida nikipenda kitu nanung'unika.

Yeye ndiye aliyenituma kwetu kuazima. Nilizunguka Mtawanya, nikaenda Bungu, nikaishia Mtunda kwa Bi Somoe, mama wa umri wa mama yangu. Kila mtu alijua nyumba yake ina sahani. Nyeupe, kubwa, ukingoni ina maua ya buluu, katikati peupe kabisa isipokuwa ufa mmoja mwembamba. Aliipata kwa bibi yake, na bibi yake aliikuta. Ilikuwa sahani ya kombe. Kwa asiyejua: mwalimu wa madrasa huandika aya za Kurani kwa wino wa zafarani uliochanganywa na marashi ya waridi, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa yale maji. Wapo wanaolipinga kombe, sitaki ugomvi nao. Nasema tu kwamba wanawake wote wa nyumba ile, wakishikwa na uchungu wa kuzaa, walinyweshwa kutoka kwenye sahani ile, na majirani pia, yeyote aliyekuja kubisha hodi.

Bi Somoe alinikatalia. Nikarudi, akanikatalia tena, akanipa na uji. Mara ya mwisho nilikwenda na Mama Mhifadhi mwenyewe. Akakaa mkekani, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaitazama kimya muda mrefu, na nadhani ule ukimya ndio uliomlainisha mama yule. Akakubali kwa sharti moja.

"Ikihitajika, itoke," alisema.

Mama Mhifadhi akaitikia kwa kichwa. Yeye alielewa kwamba maonyesho yakiisha sahani itarudi haraka. Mimi mtu wa Mtunda nilielewa vingine kabisa, na Bi Somoe alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Nikamjibu, "Itatoka, mama." Ahadi ni deni, na deni lile lilikuwa langu.

Tulijenga maonyesho katika ukumbi mmoja wa mikutano pale Kibiti. Joto la kule mnalijua, na unyevu ndio usiseme. Ndani ya makabati tuliweka vifuko vya kunyonya maji, na kila asubuhi nilisoma kipimo cha unyevu kama nesi anavyosoma homa. Mitungi ya Uajemi tuliipanga upande wa kulia, vitambaa vya India upande wa kushoto mbali na dirisha. Katikati, peke yake, katika kabati lililofungwa kwa funguo mbili, ufunguo wangu na wa Mama Mhifadhi, tuliikalisha sahani ya Bi Somoe. Kishikio chake nilikichonga siku mbili. Watu walikuwa wanaingia na mavumbi ya shambani miguuni, wanapita vyote, wanafika pale wanasimama. Akina mama walikuwa wanaambiana kwa sauti ndogo nani alizaliwa kwa sahani ile. Mmoja alimwonyesha mwanawe, dume zima lenye ndevu: umetokea hapo wewe.

Siku ya kilele ilikuwa ya mhadhara. Alialikwa mhadhiri kutoka Uchina, mama mtaalamu wa kauri, na picha zake zote za kuonyesha ukutani alizipanga kuizunguka sahani ile. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Afisa Utamaduni alikwisha badilisha shati mara mbili kwa jasho. Viti vimepangwa, zulia limetandikwa, na mimi nafuta kioo kwa mara ya mwisho. Ndipo bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka Bi Somoe.

Sikumwamkia. Uso wake haukuwa wa salamu. Akasema Mwajabu yuko kituo cha afya tangu alfajiri, uchungu umemshika na mtoto hateremki. Mwajabu ni mjukuu wake, aliyemlea mwenyewe. Mimba yake ya kwanza ilimtoka mtoto akiwa amekwisha kufa, na safari ile alijifungulia mjini, mbali na nyumba na mbali na sahani. Wauguzi walikuwa wanafanya kazi yao vizuri, Bi Somoe hakuwalaumu hata kidogo. Lakini binti amejikaza mwili mzima kwa hofu, hasikii anachoambiwa, anataja kitu kimoja tu.

"Anaitaka sahani," akasema. "Nimekuja kuichukua. Mwalimu anaingoja kule barazani."

Nikaenda kwa Mama Mhifadhi. Alikuwa anapanga karatasi za hotuba, nikamweleza. Hakunielewa mara ya kwanza, nikarudia. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu, kwamba kitu kilichoazimwa hakitoki kabatini kabla ya kufungwa maonyesho, kwamba sahani ile ina ufa, kwamba majimaji yakiingia kwenye ufa na joto hili hajui kitakachotokea, na kwamba ikivunjika atakayekuwa ameivunja ni yeye, si mimi wala Bi Somoe. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha vijana maneno hayo hayo.

Nikamwambia nilitoa ahadi. Nikamwambia habari za matundu ya kule magofuni, ambazo sikuwa nimepata kumwambia mtu. Nilisema Mama, wale watu waliniuliza kama sisi ndio tuliochukua, na leo huyu bibi akirudi mikono mitupu, atakayeuliza hapa Kibiti nitamjibu nini?

Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma yangu, alinifuata bila kuniuliza. Mama Mhifadhi akamgeukia.

"Itarudi, mama?"

"Imekwenda nyumba nyingi, mwanangu, na kila ilikokwenda imerudi," akajibu Bi Somoe. "Haijapata kucheleweshwa ila leo."

Mama Mhifadhi akaangalia saa ya ukutani. Kisha akavua kamba ya ufunguo shingoni.

Alikuwa mtu wa taratibu mpaka mwisho, Mungu amjalie heri popote alipo. Alisema kitu cha makumbusho hakisafiri bila msindikizaji, yaani mfanyakazi anayekaa nacho kutoka kinapoinuliwa mpaka kinapotuliwa, na msindikizaji atakuwa mimi. Akauliza itatuliwa wapi huko. Nikasema mezani kwa mwalimu, kituo cha afya, barazani. Akaridhika. Tukafungua funguo mbili, nikanawa mikono, nikakausha, nikaiinua. Tukaiweka ndani ya kisanduku chenye sifongo, nikapanda bajaji na Bi Somoe, kisanduku mapajani, na nikamwambia dereva akiingia shimo moja tu nitamshusha niendeshe mwenyewe.

Mwalimu alikuwa anatungoja barazani na kikombe chake cha zafarani. Nataka mnielewe hapa. Maisha yangu yote nilikuwa nimewazuia watu wasikisogelee kioo kwa pumzi. Nilikuwa nimemfukuza mpiga picha mmoja kwa ajili ya mwanga wa kamera. Na sasa naona kalamu ya unyasi inachovya wino wa manjano, inashuka juu ya kauri ile, inaandika. Mstari ukapita juu ya ufa. Nilihisi kama ni mimi ninayeandikwa. Nikageuza uso, kisha nikaona aibu nikatazama tena, na mwandiko wa mwalimu ulikuwa mzuri, ulijaza ule weupe wa katikati mpaka karibu na maua, na nikajua kwa nini pale katikati hapakuwa na ua. Labda fundi wa Uchina alikuwa na sababu yake nyingine. Kwetu, ndiyo ilikuwa kazi ya ule weupe.

Yakaoshwa. Bi Somoe akayapeleka maji ndani kwenye kikombe, na muuguzi, msichana wa Mbeya mwenye msalaba shingoni, akaruhusu mafunda machache. Baadaye aliniambia kwamba Mwajabu alipoambiwa sahani imekuja, alifungua macho akauliza, "Kweli wameitoa?" Akanywa, akalegea mabega, na kuanzia hapo akawa anasikia akiambiwa sukuma na akiambiwa ngoja. Mimi sisemi ni maji, sisemi ni muuguzi. Nilikuwa barazani na sahani tupu mapajani, nasoma dua nilizozikumbuka. Kisha nikasikia mtoto. Nililia, na dereva wa bajaji aliyekuwa ananingoja akajifanya anakagua gurudumu.

Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa. Mgeni rasmi alifika akakuta kabati la katikati lina kishikio kitupu. Afisa Utamaduni alitaka kulifunika kwa kitambaa. Mama Mhifadhi akamkataza, akachukua kadi ya maelezo, akaandika kwa mkono wake na kuisimamisha pale: *Sahani imetoka. Imeitwa kazini kwake.* Yule mhadhiri alipotafsiriwa kadi alisogea karibu na kile kishikio kitupu. Halafu akaziacha picha zake nusu, akawaeleza watu kwamba bibi yake alikuwa na bakuli lililotolewa sandukuni kwa ajili ya supu ya waliojifungua tu, na kwamba yeye amesomea kauri maisha yake yote bila kukumbuka mpaka leo ladha ya supu ile, ambayo alikuwa akiidokoa kwa siri. Watu wa Kibiti wakacheka naye. Waliokaa nyuma wakaanza kumwambia ya kwao, mhadhara ukageuka mazungumzo, na Afisa Utamaduni akashindwa kufunga mkutano.

Tulirudi wangali wamekaa. Mimi nilitaka kuingia na kisanduku changu kwa mlango wa nyuma, Bi Somoe akakataa. Aliitoa sahani, akaifunika kwa upande wa kanga, akapita katikati ya viti. Watu walikuwa wakimuuliza kwa macho, naye akasema neno moja, "Salama," na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Alimkabidhi Mama Mhifadhi mkononi. Mama Mhifadhi, ambaye nimesema alicheka kwa nadra, hakucheka. Alikuwa anafuta machozi kwa bega, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imeshika kitu.

Tulipokagua tukaona ufa umebaki na rangi ya manjano. Mtaalamu wetu wa usafishaji alisema kuna dawa ya kuitoa. Mama Mhifadhi akaandika kwenye ripoti ya hali ya kitu kwamba ile ni alama ya matumizi, isiguswe. Maonyesho yakafungwa, sahani nikairudisha Mtunda mwenyewe.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Waliniaga kwa keki na hotuba, nikapewa saa ya ukutani, mimi niliyevuliwa saa siku ya kwanza. Bi Somoe alifariki, Mungu amweke pema, na sahani ikabaki kwa Mwajabu. Mimi nikajirudia shambani kwangu, nikiangalia mpunga na kusoma kidogo, nikiwaringia wajukuu kwamba nimeshika vitu vya wafalme. Ni kweli nilivishika. Lakini kushika siyo kutumia. Ukikaa sana upande wa ndani wa kioo unasahau kwamba bakuli ni la kulia na sahani ni ya kupakulia, unabaki kuhesabu nyufa. Sijutii kazi yangu, vingevunjika vingapi bila sisi. Ila nilikuwa nadhani kazi ile imekwisha nami.

Mwaka huu madaktari walinikuta na tezi dume, wakasema nipasuliwe. Mzee wa umri wangu akiambiwa hivyo hujifanya jasiri, anatania manesi. Mimi nilitania. Usingizi ndio nilikuwa sipati. Sikumwambia mtu kwamba ninaogopa. Siku moja kabla ya kwenda hospitali, asubuhi, nikasikia hodi. Mwajabu, na mwalimu nyuma yake, na kitu kimefunikwa kwa kanga.

Nikaanza kumfokea. Nikasema hiyo ni ya wanaojifungua, mimi mwanamume, na kubeba kitu kama hicho kwenye bodaboda bila sifongo ni wazimu. Aliniacha nimalize.

"Babu, bibi alisema ikihitajika, itoke," akasema.

Mwalimu aliandika mezani pangu, zafarani ikapita juu ya ufa palepale ilipopita siku ile. Yakaoshwa. Safari hii hapakuwa na kikombe. Mwajabu alinipa sahani yenyewe. Nikainuka nikanawa mikono, nikakausha, nikaishika tumboni kwa mikono miwili, nikainywea ukingoni. Maji yalikuwa na harufu ya waridi na uchungu kidogo. Kauri ile niliijua uzito, niliijua urefu na upana, nilikichonga kishikio chake; sikuwa nimejua kwamba ukingo wake ni baridi mdomoni. Nililia kama siku ya barazani, na safari hii sikuwa na wa kujifanya hanioni.

Nilipomaliza nikabaki nayo hewani. Meza ilikuwa na wino, kikombe cha zafarani, miwani yangu, dawa zangu. Miaka yote ile, na nilikuwa nimeinua bila kuangalia nitatua wapi.

"Nipe, Babu," akasema Mwajabu, akanyoosha mikono yote miwili.